Nilimwachia Mungu mtumbwi, au nilimtegea mtego?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi Igombe, kandokando ya ziwa, hapa Mwanza. Mume wangu anaendesha bodaboda. Mimi nauza dagaa, na mwaka huu natimiza miaka 14 kwenye kazi hii.

Kwa wasioijua kazi yetu, sisi tunafuata mwezi. Giza likiingia, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi, mitumbwi inatoka jioni na taa zake, dagaa wanafuata mwanga, na alfajiri sisi akina mama tunasubiri mwaloni na mabeseni. Mbalamwezi ikitoka kazi inalala, maana ziwa lote limewaka na dagaa hawana haja na taa ya mtu. Nikinunua wabichi naanika mchangani, nageuza, nakusanya kabla jua halijazama. Yakitimia magunia ya kutosha napeleka soko la Mwaloni Kirumba, ambako wanunuzi wanatoka hadi Kongo.

Ndoto yangu tangu mwanzo ni moja: niwe tajiri. Usinielewe vibaya, Mama. Huku kwetu tajiri ni mwenye mtumbwi, hata kama nyumbani kwake wanakula mlo mmoja. Mwenye beseni anapangiwa bei, na siku dagaa wakiwa wachache anaambiwa asubiri pembeni wateja wakubwa wachukue kwanza. Nimesubiri pembeni miaka 14. Nataka mtumbwi wangu na mashine yangu. Jina lake nimeshalichagua, AHADI, kwa rangi ya bluu ubavuni.

Mwaka 2021 nilihama kanisa nililokulia nikaanza kusali kwenye huduma moja ya mjini, naomba nisiitaje. Mtumishi alitufundisha kuandika maono. Nikanunua daftari kubwa, lile la kaunta, nikaandika: mtumbwi, mashine, kiwanja Kisesa, ada ya mtoto wa kwanza, na mbele ya kila kimoja nikaweka bei. Tukafundishwa pia kwamba ombi lisilo na mbegu, yaani sadaka ya fedha, ni maneno matupu. Nimepanda mbegu nyingi, Mama. Kubwa kuliko zote niliitoa mkesha wa kuingia mwaka huu: shilingi 700,000, nusu ya mtaji wangu wa mzunguko. Akiba ya mtumbwi, ambayo naiweka kwenye kikundi, sikuigusa. Mume wangu nilimwambia mwezi wa tatu, baada ya yeye mwenyewe kuuliza mbona nanunua mabeseni machache.

Mwezi wa nne mvua ikanikuta na mabeseni thelathini yako mchangani. Turubai zilikuwa mbili. Dagaa waliobaki niliwauza kwa watu wa chakula cha kuku, kwa bei ambayo naona aibu kuiandika. Nilipokwenda kwa mtumishi akasema kuna mlango nimeufunga mwenyewe, nitafute ni upi. Nimeutafuta hadi nimekonda.

Miezi hiyohiyo tulikuwa tunamuuguza nyumbani shangazi wa mume wangu, mama wa Bukumbi. Alikuwa anakuja kliniki mjini, na safari ya kurudi kwake ilikuwa inamchosha, basi akawa analala sebuleni kwetu. Mkatoliki wa rozari kabisa, mtu wa kukukumbusha kila mara kwamba kwao mapadre walifika mwaka 1883 wakati sisi wengine bado tunaabudu mizimu. Jioni nilikuwa namsikia anasali. Ilinichukua kama wiki mbili kugundua kinachonisumbua katika sala zake: haombi kitu. "Bwana, mimi ni wako, hawa watoto ni wako, kesho ni yako." Halafu analala. Siku moja nikamuuliza, "Shangazi, mbona huombi kupona?" Akaniangalia akasema, "Niliomba, mwanangu. Niliomba sana. Sasa tumeshaelewana."

Tulimzika mwezi wa sita.

Baada ya msiba nikajaribu kusali kama yeye. Alfajiri moja, nimekaa juu ya beseni langu mwaloni, nikasema: "Bwana, mtumbwi ni wako. Sitaki tena. Nipangie wewe." Nikajisikia mwepesi namna ambayo sijawahi kuisikia hata kwenye mikesha. Siku ya tatu, Mama, simu ikaita. Tajiri mmoja ninayenunua kwake anaachana na uvuvi. Anauza mtumbwi na mashine pamoja, 6,000,000. Mimi nina 4,200,000. Amenipa mpaka mwisho wa giza lijalo.

Rafiki yangu wa maombi alipiga vigelegele: "Umeona? Ulipoachia, ndipo amekupa!" Mume wangu akasema, kama kweli nimemwachia Mungu habari za mtumbwi, basi hela tununulie kiwanja tuache kupanga. Mtumishi alipopata habari akasema kutamka "sitaki tena" ni kukiri umaskini, nikatubu kwanza.

Lakini hayo siyo yanayoninyima usingizi. Kinachoninyima usingizi ni ile dakika niliyopokea simu. Furaha niliyoisikia ilikuwa ya mtu ambaye mtego wake umenasa. Nilijisemea, "Kumbe hii ndiyo njia!" Halafu nikaogopa. Ina maana sikuwa nimeachia chochote. Nilikuwa nimebadilisha mbegu tu: zamani nilipanda hela, safari hii nimepanda kukata tamaa.

Nikinunua, nitakuwa nimemhadaa Mungu? Nisiponunua, hiyo ni imani au ni woga wa mvua nyingine? Na mtu anajuaje kwamba amejisalimisha kweli?

Wabeja sana.

Mama wa Beseni, Igombe

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na shangazi, na pole kwa mabeseni thelathini. Mimi nimelelewa Ukerewe. Harufu ya dagaa walionyeshewa, siku ya pili, naijua, na namjua pia mwanamke anayesimama juu yao akijifanya anafikiria cha kufanya.

Barua yako ina hesabu za fedha, lakini nadhani huniulizi habari za mtumbwi. Wewe unayajua mambo ya mitumbwi kuliko mimi. Unachouliza ni kama sala uliyoisali juu ya beseni ilikuwa ya kweli, kwa sababu kilichofuata kimekufanya uitilie shaka. Kama simu isingeita, leo ungekuwa unaikumbuka kama alfajiri njema kuliko zote. Simu imeita, na sasa unajiona tapeli. Nikikosea hapo nisahihishe, maana yote nitakayosema yanasimama juu ya hilo.

Nianze na ile furaha ya mtego. Umeichukulia kama ushahidi dhidi yako. Umesimama mahakamani, wewe ni mshtakiwa, wewe ni mwendesha mashtaka, na umeshakata kesi. Mimi ningekuwa mzito kidogo. Umetamani kitu kimoja miaka 14. Moyo uliotamani namna hiyo hauachi kuruka kwa sababu ya sala moja, hata ingekuwa nzuri vipi. Ukimfungulia mbuzi aliyezoea kamba, siku nzima atazunguka kigingi kilekile. Kwamba moyo wako uliruka simu ilipoita kunanionyesha kwamba unaupenda mtumbwi. Hakunionyeshi kwamba alfajiri ile ulikuwa unadanganya.

Halafu hata kama ulikuwa unafanya biashara na Mungu kidogo, hebu mtazame Hana, mama yake Samweli. Alikwenda hekaluni na biashara ya wazi kabisa: nipe mtoto wa kiume, nami nitakurudishia. Hakuficha. Kuhani Eli alimtazama midomo ikicheza bila sauti akadhani amelewa, akamkemea. (Watumishi kutukosea sisi wanawake tukiwa kwenye sala hakukuanza Mwanza.) Kinachonigusa mimi kila nikiisoma habari hiyo ni kwamba alitoka pale akala chakula, na uso wake haukuwa na huzuni tena, kabla hajapata mimba, kabla ya chochote. Biashara yake ilisikilizwa, na katikati ya biashara hiyo kitu kingine kikampata. Kwa hiyo sina haraka ya kukuambia kwamba maombi yenye mkono ulionyooshwa si maombi.

Ila nakuelewa unapoogopa, kwa sababu nimewahi kuwa upande wa pili wa jambo hilohilo. Nikiwa na miaka 22 nilichaguliwa kwenda chuo cha uuguzi. Baba akaugua, ada ikaliwa na dawa, nikabaki nyumbani. Watu wakanisifu: binti huyu amemwachia Mungu. Na mimi nikasema hivyohivyo, kanisani nikasimama kutoa ushuhuda. Ilinichukua karibu miaka kumi kutambua kwamba sikumwachia. Nilimnunia. Nilikaa kimya mbele zake kama mke aliyekasirika anavyokaa kimya jikoni, sahani zinagongana, akiulizwa anasema "sina neno". Nilikuwa na maneno chungu nzima. Nakusimulia kwa sababu "sitaki tena" yako ina maneno yaleyale niliyoyatumia mimi. Sijui kama ina sauti ileile. Wewe unaijua sauti yako. Je, alfajiri ile ulikuwa unampa kitu, au ulikuwa unamrudishia kwa hasira kitu alichochelewa kukupa?

Sasa nije kwa shangazi yako, maana nadhani yeye ndiye aliyeandika nusu ya barua hii. Umechukua sala yake ya jioni ukataka iwe yako. Sikulaumu, hata mimi ningeitaka. Lakini rudia jibu lake. Alisema aliomba, tena aliomba sana. "Tumeshaelewana" ni neno la watu waliokwisha kubishana. Mke na mume hawaelewani siku ya harusi. Wewe ulimkuta mzee yule mwishoni mwa safari ndefu ambayo hukuiona: usiku aliolia, ahadi alizomwekea Mungu, pengine na siku alizogoma kusali kabisa. Unataka kuanzia pale alipomalizia. Labda alfajiri ile ulipewa kuonja tu, ukarudishwa njiani uendelee kutembea na kuomba na kubishana. Hata Bwana mwenyewe bustanini aliomba kwanza kikombe kimwondokee, ndipo akasema yatendeke mapenzi ya Baba. Ombi halikufutwa. Lilitangulia.

Kuhusu mbegu ya laki saba nitasema machache, kwa sababu ninyi mnaosali huko ni wengi na sitaki kumvunjia mtu heshima ya kanisa lake. Mvua ya mwezi wa nne ni masika. Imekuwa ikinyesha Aprili kabla ya wewe na mtumishi wako kuzaliwa, na jirani yako ambaye hakupanda kitu naye alilowa. Mtu akikuambia utafute mlango uliojifungia, muulize kwa adabu kama ameshawahi kuanika dagaa. Na ukipata nafasi soma Kumbukumbu la Torati sura ya 14, mwishoni, uone zaka ya mwaka wa tatu ilikwenda wapi: kwa Mlawi asiye na shamba, mgeni, yatima na mjane, wale washibe. Ilikuwa chakula. Hilo lifikirie kwa wakati wako.

Hapo nakuuliza jambo lingine, na hili huenda litauma. Habari za mtumbwi umemwambia Mungu kwa miaka 14. Habari za laki saba, mumeo ulimwambia baada ya miezi mitatu, tena alipouliza. Sasa anataka kiwanja, nawe unamsikia kama mtu anayetumia sala yako kupata anachotaka. Inawezekana. Wanaume wetu ni hodari kwa hilo, na maneno yake yana ujanja ndani yake. Lakini inawezekana pia kwamba ni mtu aliyeamka akakuta nusu ya mtaji wa nyumba yake imekwenda madhabahuni bila yeye kujua, na kiwanja ndicho kitu pekee anachokifahamu ambacho hakinyeshewi. Umemuuliza anaogopa nini? Ukiacha lile swali la mabeseni, katika barua yote ameongea mara moja, na alikuwa anakupinga.

Turudi kwenye ile simu. Wewe na rafiki yako wa maombi mnaisoma kama barua kutoka mbinguni: yeye anaona zawadi, wewe unaona mtihani. Mimi naona pia kwamba ni tajiri anayeuza mtumbwi kwa sababu zake. Anaachana na uvuvi, kwa nini? Labda amezeeka, labda mtoto wake amemwita mjini. Labda mafuta yanamla kuliko anachopata. Kabla hujauliza Mungu anamaanisha nini, ungeuliza yeye anamaanisha nini. Mashine imefunguliwa mara ngapi? Fundi wako, si wake, ameisikiliza? Usajili wa chombo uko kwa jina lake, na BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, wanamfahamu? Mbao za chini ukizigonga zinaitika vipi? Maswali haya ni ya kidunia, najua. Sidhani kama Mungu anachukizwa nayo.

Na ile 1,800,000 inayopungua itatoka wapi? Hukuandika, na mtu asipoandika huwa naanza kuhofu. Kama ni kwa wale wakopeshaji wa kausha damu, unajua mwenyewe jina hilo lilitoka wapi: wanataka rejesho kila wiki, na wewe kazi yako ina wiki za mbalamwezi ambazo shilingi haiingii. Zile wiki ndizo zinazokula mashine za watu. Kuna mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarudi mwaka uliofuata. Lakini inatolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, inapita ngazi kwa ngazi, na haitangoja giza lako lijalo. Kwa hiyo ukifuata njia hiyo, kuna uwezekano mkubwa mtumbwi huu ukakupita. Kuna njia ya kuingia ubia na mama mwingine wa mwaloni, au kumwomba tajiri apokee sehemu sasa na sehemu baadaye. Ubia nao una magomvi yake, hasa siku hesabu zikianza kupishana. Kuna kusubiri, nako kuna gharama: bei ya mashine haishuki, na miaka 14 inakuwa 15. Na kiwanja kipo. Kiwanja hakizai kesho, ila hakizami.

Ningekuwa nazungumza nawe uso kwa uso, ningekaa zaidi kwenye jambo moja ambalo barua yako hailitaji kabisa. Ukiwa mwenye beseni, usiku unalala. Ukiwa mwenye mtumbwi, kuna vijana wanne au watano wako ziwani gizani kwa ajili yako, na ziwa letu si la mchezo. Wanaoiba mashine wapo. Upepo wa ghafla upo. Majaketi ya kuokolea ni fedha, na matajiri wengi wanayahesabu mwisho. Mtu anayetaka kujua maana ya kumkabidhi Mungu jambo lisilo mikononi mwake, sijui mahali pazuri zaidi kuliko kitandani kwa mwenye mtumbwi saa nane usiku, bati likianza kupiga kelele kwa upepo. Wewe umekuwa ukiwaza kwamba kuachia maana yake ni kutokuwa na mtumbwi, na kuwa na mtumbwi maana yake hukuachia. Inaweza ikawa kinyume. Au inaweza ikawa kwamba moyo wako, ulivyo sasa, hauwezi kubeba usiku wa namna hiyo mwaka huu, na ni haki yako kusema hivyo bila kuuita woga.

Wavuvi wa Galilaya nao walipitia hapa. Katika Luka sura ya 5, Simoni na wenzake wamevua usiku kucha wamerudi mikono mitupu, wanaosha nyavu, kazi ambayo wewe umeiona kila alfajiri. Bwana anawaambia washushe tena. Vyombo viwili vinajaa hadi vinataka kuzama. Na siku hiyohiyo, siku ya kupata kuliko zote maishani mwao, wanavivuta vyombo nchi kavu na kuacha vyote. Huwa najiuliza wale samaki alichukua nani. Akina mama wa mabeseni walikuwepo, ninaamini hivyo. Angalia lakini walipoachia: siku ya neema, samaki wako miguuni. Wewe uliachia baada ya mvua. Sisemi ya kwako ni pungufu, nasema ni tofauti, na kwamba sasa huenda unaulizwa swali lile kwa upande wake mwingine, vyombo vikiwa vimejaa.

Ila usiishie hapo. Katika Yohana sura ya 21, baada ya ufufuo, Petro yuleyule anawaambia wenzake kwamba anakwenda kuvua. Na chombo kipo! Hakikuchomwa wala kuuzwa. Wanakosa usiku kucha, asubuhi wanapata 153, na wanapofika ufukweni Bwana ameshawasha mkaa na samaki wako juu yake, wasiotoka kwenye nyavu zao, na bado anawaambia leteni na mliowavua ninyi. Mimi sijawahi kuimaliza habari hiyo. Aliwaita waache, wakaacha. Walipokirudia chombo hakuwafukuza, akawapikia.

Umeniuliza mtu anajuaje kwamba amejisalimisha kweli. Sina kipimo, na ninawaogopa wenye vipimo. Naweza kukupa asubuhi mbili tu za kuziwaza, usiniletee majibu yake. Asubuhi ya kwanza: umenunua, ni giza la tatu, vijana wanarudi kwa kuvutwa na mtumbwi wa wengine, mashine imeibwa. Unakaa juu ya beseni palepale. Unamwambiaje Mungu? Asubuhi ya pili: hukununua, kanunua mwenzako mnayesubiri naye pembeni, mtumbwi unaingia umejaa, ubavuni umeandikwa jina alilochagua yeye. Unaweza kumsogelea na beseni lako ukamsalimu kwa jina? Ukigundua kwamba moja ya asubuhi hizo huwezi kuitazama hata kwa kufikiri, anza kusali kutokea hapo. Sali kwa mkono ulionyooshwa kama unataka. Mwambie, nautaka, na naogopa kuutaka, na sijui kama nakutega. Amesikia mabaya zaidi ya hayo.

Kuhusu kutubu kwa ajili ya "sitaki tena", hilo ni kati yako na dhamiri yako. Shangazi yako alitamka maneno yanayofanana nayo kila jioni sebuleni kwako, na hukuona umaskini.

Daftari lako la kaunta usilichome, wala usilitupe ziwani, ziwa lina takataka za kutosha. Mwonyeshe mumeo. Nadhani hajawahi kuliona lote, na kwenye mstari wa tatu atakuta kiwanja cha Kisesa kimeandikwa kwa mwandiko wako tangu 2021, kabla hajakisema yeye.

Giza lijalo likiisha, niandikie. Hata kama tajiri amemuuzia mtu mwingine huku ninyi mkiwa bado mnazungumza, niandikie. Na kama utakuwa umenunua, niambie ubavuni umeandika nini, na majaketi ni mangapi.

Mama Mshauri